Pumzi za Jirani Yangu Mpiga Picha

Baina ya cherehani yangu na studio yake palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu, tena ile nyembamba, kwa hiyo mwanamume yule nilimsikia zaidi kuliko nilivyomwona. Mimi nilikuwa nikishona magauni na sare za shule katika kile kibanda cha Likoni, nyuma ya barabara iendayo kivukoni, na yeye alikuwa akipiga watu picha upande wa pili. Watu wote walimwita Mpiga Picha, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake analo na wanaomjua wanalijua.

Kitu nilichokisikia zaidi ni pumzi zake. Sisemi kupumua, maana kila aliye hai hupumua. Nasema ile pumzi ndefu ambayo mtu huishusha bila kujijua, ikatoka tumboni mpaka mabega yakalegea. Siku ya kwanza nilipohamia pale nilidhani kuna mgonjwa. Nikagonga ukuta kwa mkasi, nikauliza, "Hujambo, jirani? Waugua?"

"Sijambo, dada," akajibu. "Nipo kazini."

Nilidhani ananicheza shere. Baadaye nilikuja kujua kwamba alisema kweli, maana picha zake zote alizipiga kwa kufuata pumzi za watu.

Wapiga picha wengine walimwambia mteja acheke, au asitikisike, au atazame kidole. Yeye alimkalisha mtu kwenye kiti, akamwacha. Alijifanya anatafuta kitu mezani, anapangusa lenzi, anarekebisha taa ambayo haikuwa na kosa lolote. Mteja naye hukaa pale kajibana, shingo imekakamaa, kifua kimejaa, mpaka mwisho anachoka. Hushusha pumzi. Akishaimaliza, kabla hajavuta nyingine, ndipo niliposikia kamera ikilia.

"Hapo hana la kuficha," aliniambia siku moja tukinywa kahawa mlangoni. "Ni kitambo kidogo mno, dada, lakini hapo yuwapo mwenyewe."

Nikamwambia kwamba mimi mteja wangu akishusha pumzi napata taabu, maana vipimo vya kifua vyote huharibika. Alicheka mpaka akamwaga kahawa. Alikuwa na kicheko kizuri, kikubwa kuliko chumba alichokuwamo, na nasikitika kwamba nilikisikia mara chache.

Tukazoea mchezo wetu. Mteja akiondoka, Mpiga Picha hugonga plaiwudi na kuuliza, "Ile ilikuwa ya nini?" Nami nakisia. Waliokuja kutaka picha za pasi, wale wa kwenda Arabuni, walikuwa na pumzi fupi ya mtu aliyetoka ofisi hii kuingia ile na bado hajaambiwa jambo la maana. Askari wa jeshi la majini kutoka Mtongwe walishushia puani tu, kwa adabu. Wazee waliotaka picha ya kipande, yaani kitambulisho, walishusha walipoketi, kisha wakashusha tena walipoambiwa wavue kofia, na hiyo ya pili ilikuwa na matusi ndani yake.

Nilikosea pia. Walikuja maarusi wawili baada ya fungate, mke na mume, na mamake mume akiwa mbele yao kama aliyekuja kupigwa picha yeye. Bibi arusi alishusha pumzi moja ambayo hata mimi niliacha kukanyaga cherehani. Nikajisemea, masikini, huyu hakutaka. Picha ilipotoka, mkwe akaja juu.

"Mwana wa watu mbona kachoka hivi? Mwataka watu waseme twamtesa?"

"Bibi, hiyo ni raha," Mpiga Picha akamwambia. "Amefika. Kapumzika."

"Raha gani ya macho kulegea? Piga nyingine, acheke!"

Akapiga nyingine, binti akacheka, mkwe akaondoka ameridhika. Baada ya siku chache binti alirudi peke yake na buibui lake, akasimama mlangoni na kuulizia ile ya kwanza. Aliitazama muda mrefu, akaitia kifuani. "Hii ndiyo mimi," alisema. Mpiga Picha alinigongea ukuta kwa nguvu. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, kwa kuwa nilichukia kushindwa.

Kijana mmoja wa bara, mfanyakazi wa kiwanda cha Changamwe, alikuja Jumapili na redio ya kuazima ili apigwe picha ya kupeleka kwao. Alikataa kabisa kushusha pumzi.

"Mzee, piga tu hivi nikiwa fiti. Wakiniona nimeshuka watasema maisha yamenilemea."

"Na hayajakulemea, mwanangu?"

"Yamenilemea. Lakini si lazima mathe ajue."

Mpiga Picha akampiga mbili, moja akiwa amejitunisha na redio begani, nyingine baada ya kuambiwa kwamba kazi imekwisha na redio ameshaiweka chini. Kijana akazichukua zote mbili. Ile ya kujitunisha akampelekea mamake, na ile nyingine akaiweka mfuko wa shati. Jioni nilipomuaga Mpiga Picha aliniambia kwamba mimi na yeye hatuna hata mama wa kumdanganya.

Pumzi za wateja zilipita. Zake zilibaki pale kutwa, na hizo sikuhitaji kukisia maana sababu yake niliijua, kama walivyoijua Likoni nzima. Studio ile haikuwa yake. Ilikuwa ya kakake.

Kabla ya studio, kazi yake ilikuwa kuwafuata wapimaji ardhi. Yeye ndiye aliyeshika fimbo ndefu zenye rangi nyeupe na nyekundu, akasimama nazo mbali kabisa huku mwenye chombo akimwashiria sogea kulia, sogea kushoto. Alitembea hivyo pwani yote na bara yake, mpaka huko ambako mtu akitazama mbele hakuna kitu cha kumzuia macho. Alijua Mwakirunge kabla ya mawe yake kuchimbwa. Alipozungumza habari za siku zile alisimama, hakuweza kuzizungumza akiwa ameketi.

Miaka ya mwanzo ya themanini alikuja Likoni kula Idi. Kakake alikuwa amepata kazi kwenye meli ya wageni, na meli inaondoka karibuni. Baada ya sala, mbele ya watu msikitini, kaka akamtia ufunguo mkononi. "Nishikie studio, ndugu yangu. Safari moja tu." Watu wakaomba dua na kuitikia amina. Yeye kamera hajawahi hata kuigusa.

Kwetu sisi amana si mchezo. Mtu akikuachia hata sufuria mbele ya mashahidi, huna raha mpaka imerudi kwa mwenyewe. Mpiga Picha alishika studio kwa namna hiyo. Safari moja ikapita, ikaja ya pili, wapimaji wakamngoja kisha wakachukua mtu mwingine. Kaka alisikika yupo bandari fulani, halafu nyingine, halafu hakusikika tena. Na yeye kila asubuhi alifungua kufuli, akashusha pumzi moja kabla ya kuingia. Ile ndiyo iliyokuwa saa yangu. Nikiisikia huanza kutia uzi kwenye sindano.

Hakubadilisha kitu. Pazia la nyuma, lililochorwa bustani na ngazi na chemchemi ya maji, lilichunika rangi mpaka wateja wakauliza kama ni picha ya ghorofa lililobomoka. Nilijitolea kumshonea jingine. Akakataa. Kiti kilipovunjika mguu alizunguka mpaka akapata mbao ya aina ile ile. Wenye harusi wa mtaa wa Shika Adabu walimbembeleza awaendee nyumbani na kamera, na hata mara moja hakwenda.

"Kamera ni ya kaka," alisema. "Aliiwacha humu, itamkuta humu."

Kwa hiyo mtu aliyeshika fimbo kwenye nyika za watu akawa anapiga picha katika chumba ambacho ukinyosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili. Nyuma yake kulikuwa na kile chumba cha giza cha kusafishia picha, kidogo zaidi, kinanuka dawa mpaka kwangu. Kila akiingia humo alishusha pumzi ya mtu anayeingia kwenye maji baridi. Na picha ikitoka nzuri, alishusha pumzi ambayo kwa muda mrefu iliniudhi kwa kuwa sikuielewa. Ilikuwa ya majuto. Nilimbana mpaka akaniambia kwamba kila picha nzuri inamletea wateja kumi wengine, na studio yenye wateja haifungiki. Nikamwambia basi azipige mbaya. Alinitazama kama niliyemwambia aibe.

Hapo ndipo mtu yule aliponichosha. Alilalamikia chumba kile kutwa kucha, lakini ole wako useme akifunge. Mkewe alivumilia miaka, kisha akarudi kwao Kisauni. Alipokuja kuniaga aliniambia, "Shoga, wallahi mimi sikuolewa na studio." Imamu naye alimwita. Najua kwa sababu mazungumzo yalimalizikia mlangoni pangu.

"Amana ni vitu, si wewe," imamu alimwambia. "Vitie sandukuni, tafuta mahali pa salama, kisha nenda zako. Hakuna dhambi."

"Nimesikia, sheikh."

"Umesikia ama umefahamu?"

"Nimefahamu."

Kesho yake asubuhi nikasikia kufuli, na pumzi yake, na viatu vikiingia ndani. Nilitupa mkasi kwenye meza. Nilimpigia kelele kupitia plaiwudi kwamba kama ni kufungwa, yeye amejifunga mwenyewe na ufunguo anao mfukoni. Mchana aliniletea viazi vya karai kwenye karatasi, akaviweka mlangoni, akarudi kwake.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yake. Baada ya sala alitembea. Mwanzoni alikwenda mbali kweli, akarudi karibu na magharibi viatu vimejaa vumbi jekundu, na alikuwa mtu mwingine; aliniambia udongo wa wapi unafanana na wa wapi, nani amehamisha ua wa mpaka na anadhani hajaonekana. Miaka ikaenda. Matembezi yakawa yanaishia Shika Adabu, baadaye yakaishia kituo cha magari, kisha ikawa ni kukaa kidogo kwenye baraza ya msikiti na kurudi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema labda kaka aje Ijumaa, amkute hayupo. Nilimcheka. Sasa sicheki.

Halafu ukaja ule mwaka wa fujo. Sitaki kuusimulia, walioupitia Likoni wanaujua. Watu wa bara walifukuzwa, wakakimbia na walichoweza kubeba, na vibanda vikaungua. Vyetu vilinusurika. Fujo zilipotulia nikarudi kibandani, nikamkuta ameketi studio na picha zimetandazwa mezani, za watu waliopigwa na hawakuwahi kuja kuzichukua, wanaume wenye mashati ya Jumapili, wanawake na watoto mapajani. Na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba safari hii atafunga, kwa sababu wateja wenyewe walikuwa wamekwisha.

"Na hizi nazo," alisema.

"Nazo nini?"

"Ni zao. Watazitaka."

Nilikaa chini kwenye kile kiti cha mguu wa kubandika nikalia. Nililia kwa ajili ya watu wale, na kwa ajili yake pia, kwa sababu niliona mlango unajifunga tena. Wengine walirudi mmoja mmoja kuulizia, wakapewa. Zilizobaki, baada ya miezi, tulikwenda naye kuzikabidhi kwa mzee wa kanisa wanamosali watu wa bara. Yule mzee alizipokea kwa mikono miwili. Wakati wa kurudi nilimwona Mpiga Picha ananyosha mabega, nikafikiri, bado amana moja.

Na moja hiyo ilikuja kwa miguu yake. Ilikuwa mchana, napasi sare. Akasimama mbele yangu mzee mnene mwenye kofia ya kizungu na begi la magurudumu, akanisalimu kwa Kiswahili cha mtu aliyekiweka kabatini muda mrefu.

"Bibi, zamani palikuwa na studio hapa."

"Ipo. Mlango huo."

Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama ubao juu ya mlango. Akacheka. "Bado ipo!" akasema, kama mtu aliyeona mchezo wa utotoni. Hapo nilijua ni nani. Nilizima pasi nikamfuata ndani, sikukaribishwa na sikujali.

Mpiga Picha alikuwa amesimama wima. Walikumbatiana, wakaulizana hali, wakawaombea waliofariki. Kisha akamwacha kakake, akashika taa, akashika kamera, akagusa pazia.

"Kaka, vitu vyako vyote vipo. Kiti kilivunjika mguu, nikautengeneza. Pazia limechunika, sikulibadilisha."

Yule bwana aligeuka akatazama chumba. Uso wake ulikuwa na haya kidogo, haya ya mtu aliyealikwa chakula kumbe alikwisha kula.

"Yakhe, mbona hukuuza? Mimi najua ulishauza zamani! Nlioa kule, nkapata watoto, nkasema mdogo wangu atakuwa ashauza vile vikorokoro karudi kwa wapimaji wake. Wallahi hata sikukumbuka."

Mpiga Picha alitoa ufunguo mfukoni akaunyosha.

"Sema umepokea."

"Nipokee nini? Kaa nayo tu, ni yako. Mambo gani haya ya kitoto?"

"Sema umepokea, kaka."

Yule bwana alicheka tena, akanitazama mimi kama anayetafuta wa kucheka naye. Damu ilinipanda.

"Pokea ufunguo, mwanamume wee!" nikampigia ukelele. "Pokea na useme!"

Akaupokea kwa vidole viwili. "Basi, nimepokea. Nimepokea, alhamdulillahi."

Nilisubiri Mpiga Picha ashushe pumzi. Baada ya miaka yote ile niliona ndiyo haki yetu, mimi na ukuta wangu. Hakushusha. Alichukua viatu vyake mkononi, akanipita mlangoni, akaenda bila kuvivaa. Kakake aliviuza vitu vile wiki ile ile kwa muuza vyuma, na chumba kikakodiwa na mwenye kuuza mitumba aliyekuwa akipiga mluzi kutwa. Nilishindwa kufanya kazi pale. Mwaka uliofuata nilihamisha cherehani nyumbani.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Niliambiwa anakaa Mtongwe kwa binti wa dadake, nikaenda na mkate wa sinia na mdomo uliojaa utani. Nilitarajia nimkose. Nilijipa moyo njia nzima kwamba mpwa wake ataniambia mjomba katoka asubuhi, haijulikani atarudi lini, na mimi nitaacha mkate na kurudi kwangu nimefurahi.

Alikuwepo. Alikuwa chumba cha uani, ameketi kwenye stuli, karibu sana na ukuta, uso ameuelekeza huko. Aligeuka akanijua kabla sijasema.

"Bi Fundi. Karibu."

"Starehe. Nini hiki? Mbona hwendi kutembea? Si uko huru?"

"Nlikwenda," alisema. "Wiki ya kwanza nlikwenda kila siku. Nlifika pale Shika Adabu panapofunguka, nikatazama mbele. Kukanizunguka kote, kizunguzungu. Nikakaa chini njiani, watu wakadhani nimelewa. Nkajaribu tena siku ya pili, kukanizunguka vile vile."

"Umeonana na daktari?"

"Asema macho mazima." Aliweka kiganja ukutani, taratibu, kama anayempapasa mnyama wake. "Yameshazoea kitu kilicho karibu, dada. Ukuta hapa, mtu hapa. Kikiwa mbali sikiwezi. Hata uani, mwanga ukiwa mwingi kichwa chaniuma."

Nilitaka kumgombeza kama zamani, nikafungua mkate badala yake. Nilimkatia mkate, tukala, tukataja wateja wetu wa kale mmoja mmoja. Aliuliza habari za cherehani. Nilimwona amekonda, amevaa shati safi, ana adabu zake zote, na nilihisi uchungu ambao sikuuhisi hata nilipozika watu wangu. Niliposimama kuaga alinishukuru, akaniombea, akaugeukia ukuta.

"Nifungie mlango ukitoka," alisema. "Mwanga waingia."

Nilikuwa nimeshaushika mlango. Nje uani jua lilikuwa kali, nguo zimeanikwa, na ng'ambo ya ua njia ilikuwa wazi mpaka chini kwenye maji. Sikuufunga. Niliusukuma ukafunguka mpaka mwisho, ukagonga ukuta, nikavaa viatu vyangu nikaenda kwa hasira, bila kumtazama na bila kumuaga mpwa wake. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia bawaba zinalia, kisha komeo likiingia mahali pake.